Drili ya Mkono wa Ernest

Paskazia alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na mlango mmoja. Mlango huo, wa mbele, uliwekwa na fundi Yotham siku yake ya mwisho kuonekana Nkuhungu. Alasiri ile Yotham alisema anakwenda kunywa maji, na mpaka leo anayanywa. Majirani walimwambia Paskazia asishangae. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, Dodoma nzima ilikuwa inajenga, na fundi akishaitwa kwenye nyumba ya mheshimiwa hakumbuki tena vyumba viwili vya mjane.

Milango mingine miwili ilikuwa imeegemea ukutani tangu mwezi wa nane, imefunikwa shuka kuukuu kwa ajili ya vumbi. Ilikuwa ya mninga, mizito, imepigwa randa ikapigika. Paskazia alizaliwa Tabora, na kila alipoifunua ile shuka harufu ya mbao ilimrudisha kwao. Hilo halikumsaidia kitu. Mlango ulioegemea ukuta ni ubao tu, na vyumbani mwake yalining'inia mapazia.

Miaka mitatu kabla ya hapo mumewe Ernest, dereva wa malori, aliugua homa siku ya Ijumaa, na Jumanne wakamzika. Mwaka haukuisha, shirika la umma alikokuwa akipiga chapa Paskazia likabinafsishwa, na wapiga chapa ndio waliotangulia kupunguzwa. Akahamia chumba cha kupanga uani mwa watu, kitanda kimoja na jiko chini ya kitanda. Ndipo wifi yake Anyesi alipokuja kutoka Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akakitazama kile chumba, akasema, "Nipe mtoto nikae naye mpaka utakaposimama." Debora alikuwa na miaka kumi. Paskazia alimtoa. Aliwaambia watu kwamba ni muhula mmoja tu, na huenda yeye mwenyewe aliamini.

Sasa alikuwa amesimama. Mafao yake aliyamwaga yote kwenye matofali na bati, na kibarua cha kuchapa barua kwenye steshenari moja mjini kikampa ugali. Mwanzoni mwa Desemba ikafika barua ya Anyesi, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande.

"Wifi," ilisema, "mtoto amefaulu na amepangiwa shule huko huko Dodoma, Mungu ni mwema. Lakini Debora ameshavunja ungo. Hawezi kulala chumba cha pazia, tena huko viwanjani ambako watu hawajuani. Kama utakuwa na chumba chenye mlango wa kufunga kwa komeo, kwa ndani, nitampandisha basi Jumamosi ya kwanza ya mwaka mpya aje aangalie. Akiridhika atakaa kwako. Kama hakuna mlango, atakaa kwa baba yake mdogo Marko, pale mtaani Kikuyu. Usinielewe vibaya."

Paskazia aliisoma mara tatu. Hakukuwa na tusi hata moja ndani yake, na ndiyo maana iliuma. Wifi yake alikuwa na haki. Lakini kuna jambo barua haikulisema: mtoto akiingia kwa Marko, hatoki. Nyumba ya Marko ina binamu saba, ina redio, ina kuku, ina vicheko, na mtoto akizoea kelele, kimya humtisha. Yeye Paskazia angebaki kuwa mtu wa kutembelewa Jumapili baada ya misa, apewe soda, aulizwe habari za kazi.

Akaanza kutafuta fundi. Wa kwanza alisema mpaka Pasaka. Wa pili alikuja siku hiyo hiyo, akapima fremu ya mlango, akauliza, "Mzee yuko wapi?" Alipoambiwa kuwa mzee amefariki, aliketi, na akakaa muda mrefu kuliko unaohitajika kupima fremu. Paskazia alimfungulia ule mlango mmoja aliokuwa nao akamwonyesha njia.

Basi akanunua bisibisi. Aliuinua mlango wa chumba cha Debora, akaubana kwa kabari, akaweka bawaba, akaanza kukaza skrubu ya kwanza. Sasa mninga si mti wa kubembelezwa. Skrubu iliingia kiasi cha ukucha ikagoma, akasukuma, kichwa cha skrubu kikachunika kikawa laini kama kifungo, na kiganja kikafanya lengelenge. Siku nzima ya Jumapili ikaenda kwa skrubu moja. Jioni aliing'oa kwa koleo na akalala bila kula, kwa hasira tu, maana chakula kilikuwepo.

Jumatano iliyofuata wakaja watu kufunga rafu pale steshenari. Mmoja wao alikuwa na drili isiyo na waya. Aliilenga kwenye mbao, ikalia kidogo kama mtu anayesafisha koo, na skrubu ikazama. Kisha nyingine, na nyingine. Paskazia aliacha kuchapa.

"Hiyo inakula umeme wa wapi?" aliuliza.

"Betri, mama. Unachaji, unaondoka nayo."

Huko Nkuhungu nguzo za umeme zilikuwa zimelala chini tangu kampeni za uchaguzi, zinakaliwa na mbuzi. Lakini chini ya meza yake ya kuchapia palikuwa na soketi, na Octavian, mwenye steshenari, hakuwa mtu wa choyo. Paskazia alirudi kwenye kuchapa, akakosea jina la mteja mara mbili.

Wakati ule vitu hivyo vilishaanza kuingia. Soko huria lilileta kila kitu: redio, makoti, magodoro, na mashine zilizochoka huko Ulaya na Japani zikaja kuanza maisha upya. Duka lililokuwa nazo lilikuwa la Masudi, mwenyeji wa Kondoa, mtu wa makamo mwenye kofia safi, nyuma ya soko la Majengo. Paskazia alikwenda Alhamisi saa ya chakula cha mchana.

"Karibu dada," Masudi alisema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Hatujambo."

Hapo ndipo jambo lilipoanzia. Kiswahili kina adabu yake: mtu huulizwa nyumba nzima, naye hujibu kwa niaba ya nyumba nzima, hata kama nyumba nzima ni yeye na sufuria zake. Paskazia alikuwa akijibu "hatujambo" kwa miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza hao wengine ni akina nani.

"Nataka drili ya betri," alisema.

"Ipo. Fundi wenu amesema ya volti ngapi?"

Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa fupi. Lakini kulikuwa na wanaume wawili kaunta wakichagua misumari, wote wamegeuka kumtazama, na akamkumbuka yule fundi aliyeketi.

"Hakusema. Amesema tu iwe nzuri."

"Ni fundi wa kukodi, au mzee mwenyewe?"

"Mzee mwenyewe."

Masudi alifurahi. Alipenda wanaume wanaojishughulisha na nyumba zao, alisema, siku hizi wamekuwa adimu. Akaweka drili tatu juu ya kaunta: moja kubwa nyeusi, moja ya njano, moja ndogo ya kijani. Paskazia hakugusa hata moja.

"Mzee ana mkono gani?" Masudi aliuliza. "Drili ni kama jembe, huendana na mtu."

"Mkubwa," Paskazia alijibu. "Kiganja kipana. Kidole hiki cha kati kina kovu, alibanwa na mlango wa lori, kwa hiyo hakikunji vizuri."

"Anashika kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana. Akifunga kitu yeye, hata kifuniko cha chupa, kukifungua lazima umwite yeye."

Masudi akacheka, wale wanaume wakacheka, na Paskazia naye akacheka. Alikuwa hajamsimulia mtu habari za mikono ya Ernest tangu msiba. Watu hukuuliza marehemu aliugua nini, hawakuulizi alikuwa akifungaje chupa. Aliendelea. Alisema mzee wake hapendi vitu vyepesi, anaviita vya kichina. Alisema ni mbishi. Yote yalikuwa kweli, isipokuwa wakati wake: alisema "ni" badala ya "alikuwa".

"Basi hii ndiyo yake," Masudi alisema, akaipiga ile nyeusi mgongoni. "Volti kumi na nane. Nguvu za punda. Hata zege inatoboa. Ungependa kuishika?"

"Hapana, ifunge tu." Nani hujaribu kiatu cha mtu mwingine?

"Msalimie mzee."

"Zimefika," Paskazia alisema.

Jioni alipotoka kazini alitembea na boksi lile hadi Nkuhungu, na njiani alijikuta anaharakisha. Alipogundua anaharakisha, alipunguza mwendo, lakini baada ya hatua chache miguu ilianza tena. Ilikuwa raha, ni lazima isemwe hivyo. Kwa mwendo wa saa nzima alikuwa mwanamke anayepeleka kitu nyumbani kwa mtu anayekisubiri. Alifungua mlango wa mbele, akaweka boksi juu ya meza, na kimya kikampokea kama kilivyompokea siku zote.

Aliichaji Ijumaa. Jumamosi asubuhi akabana tena mlango kwa kabari, akainyanyua drili. Ilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi minne. Mpini wake ulikuwa mnene kiasi kwamba vidole vyake havikuuzunguka, na ili kidole kifike kwenye kifyatulio ilimbidi alegeze mkono mzima. Akailenga kwenye bawaba. Akabonyeza.

Mashine ilinguruma, ncha ikashika mninga, na kwa kuwa mninga ulikataa kuzunguka, ilizunguka drili yenyewe. Ilimpindua kifundo cha mkono, ikaruka, ikachora mlango mfereji wa urefu wa kiganja. Paskazia aliiachia ikaanguka sakafuni, na mlango ukatoka kwenye kabari ukaegemea bega lake. Akausukuma taratibu mpaka ukutani. Hakukuwa na mtu wa kuita.

Alikaa chini. Mkono ulianza kuvimba. Alikuwa na wiki nne, mlango uliojeruhiwa, na mashine ambayo hakuiweza, na pale chini alielewa alichokifanya. Alikuwa amemnunulia Ernest drili. Miaka mitatu amekufa, na yeye alikwenda dukani akachukua kipimo cha mkono wake, tena kwa ukamilifu, na kovu juu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi mno: haikupita hata bawaba ya kwanza. Alilia, kwanza kwa sababu ya mkono, kisha kwa sababu ya mikono ya Ernest.

Jumatatu alifunga kifundo kwa kipande cha kanga, akabeba boksi, akarudi Majengo. Njia nzima alitunga. Angeweza kusema mzee hakuipenda. Angeweza kusema mzee amesafiri. Masudi angebadilisha, angempa nyingine ya mkono ule ule, na wangecheka tena. Ni hilo la kucheka tena ndilo lililomvuta zaidi. Alifika mlangoni mwa duka akiwa bado na uongo huo mdomoni.

"Karibu dada. Vipi, mzee ameipenda?"

Safari hii hakukuwa na mteja mwingine. Paskazia aliweka boksi kaunta.

"Kaka Masudi, mzee hayupo. Alifariki mwaka wa tisini na nane. Fundi ni mimi."

Masudi aliweka kalamu chini. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akainamisha kichwa, kama ambavyo husemwa habari inapofika kwa mara ya kwanza. Na kwake ilikuwa imefika kwa mara ya kwanza. Kwa siku nne Ernest alikuwa hai katika duka lile, ana mkono wake, ana ubishi wake, ana volti zake. Sasa Paskazia alikuwa amemzika mara ya pili, na mara hii hakukuwa na matanga.

"Mbona hukusema, dada?"

"Uliniuliza habari za nyumbani."

Masudi alilifikiria jibu hilo. Kisha akainua ubao wa kaunta. "Pita upande huu," alisema. "Mimi nimeuza drili kwa mkono wa marehemu, nawe umekubali. Makosa ni ya watu wawili. Leo tuanze na huo mkono ulio hapa. Ule mzima."

Alimpa ile nyeusi kwanza, akamwambia ainyooshe mbele kwa usawa wa bega na asiishushe mpaka atakapomwambia. Wakati huo aliingia mteja akitaka misumari ya bati. Masudi alimhudumia bila haraka yoyote, akipima, akifunga karatasi, akiuliza habari za mvua za Kondoa. Misumari haijafungwa nusu, mkono wa Paskazia ulikuwa unatetemeka.

"Weka chini. Hiyo si yako. Wanaume wengi pia si yao, lakini hao siwezi kuwaambia."

Ya njano ilikaa vizuri. Paskazia aliishika akaona imempenda, na akasema anaitaka hiyo.

"Subiri kwanza. Umeuliza inakula nini?" Masudi akageuza chaja yake, akamwonyesha maandishi. "Hii ni ya Japani. Umeme wao volti mia, wetu mia mbili na zaidi. Ukiichomeka chini ya meza yako ya kazi itatoa moshi kabla hujatoa mkono. Inataka transfoma, nami sina. Nimeshawaunguzia watu wawili, sitaki wa tatu. Dada, kuuliza si ujinga, lakini uliza kabla ya kupenda."

Ikabaki ile ndogo ya kijani, volti kumi na mbili. Mpini wake ulikuwa mwembamba, umevishwa mpira, na vidole vya Paskazia vikakutana upande wa pili. Mteja wa misumari akaondoka, akaja mwingine wa rangi, na mkono bado ulikuwa pale pale usawa wa bega.

"Ina upungufu wake," Masudi alisema. "Betri ni hiyo moja. Ya pili ilifika imekufa. Ukiishiwa, umeishiwa mpaka uchaji."

Paskazia aliigeuza geuza. Kisha akauliza, "Una kipande cha mninga?"

Masudi alimtazama, tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo. "Sasa umeanza kununua," alisema.

Akaleta kipande kutoka uani, na kwa nusu saa alimfundisha. Kwanza tundu dogo kwa ncha nyembamba, ndipo skrubu. Skrubu ipakwe sabuni ya mche. Ile pete yenye namba iliyo nyuma ya mdomo wa drili ikae kwenye namba ndogo, ili mashine ikizidiwa ilie tu iache kuzunguka, isimpindue. Mwili uwe nyuma ya drili, sio pembeni. "Na usishindane nayo," alisema. "Ikikataa, itoe, pumua, anza tena." Skrubu ya tatu iliingia mpaka mwisho na kichwa chake kikakaa sawa na ubao, na Paskazia akapitisha kidole juu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ukutani palikuwa na maandishi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Masudi aliyatazama, akachukua kalenda ya mwaka mpya akaitundika juu yake, na ile nyeusi akairudisha kwenye rafu.

Kazi ilichukua siku kumi na moja, kwa sababu ya betri moja. Bawaba mbili zilikaa Jumapili moja baada ya misa, na wakati wa kuanza ya tatu drili ikapumua ikakata roho. Mlango ukabaki unaning'inia kwa bawaba mbili mpaka betri ilipokwenda mjini ikarudi. Ulipofungwa wote ukawa unakwaruza sakafu, akautoa, akausugua kwa msasa chini jioni mbili mfululizo, akaurudisha. Ule mfereji aliouchora aliujaza kwa gundi na unga wa mbao. Ulionekana, lakini ilibidi uutafute. Mlango wa chumba chake mwenyewe hakuugusa. Siku hazikutosha kwa yote miwili.

Komeo ndilo lililomaliza, siku mbili kabla ya Krismasi. Alilifunga kwa ndani, skrubu nne, sabuni kila moja. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akasukuma komeo. Liliteleza likaingia kwenye tundu lake kama lilivyotakiwa.

Akasimama mle ndani, hajui afanye nini tena. Alitaka kujua kama linashika. Lakini komeo halijaribiwi na mtu mmoja. Ukiwa ndani huwezi kusukuma kama mtu wa nje, na ukitoka nje, komeo limeshafunguka. Alilivuta kwa mkono, akaegemea mlango, akaupiga kwa bega upande usio wenyewe. Nje mvua ya kwanza ya maana ilikuwa inaanza kugonga bati. Alisikiliza kama kuna mtu anapita aweze kumwita asukume mara moja tu, na hakupita mtu. Krismasi alikwenda misa, akapika wali, akala nusu.

Jumamosi ya kwanza ya mwaka alikuwa stendi tangu saa nne asubuhi, na basi la Mpwapwa liliingia saa nane mchana. Debora alishuka na sanduku la bati. Alikuwa amerefuka, na uso ule mwembamba alioondoka nao ulikuwa umekuwa uso wa Ernest mtupu, mpaka Paskazia akakosa pa kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Shangazi anakusalimu sana."

Alikuwa na adabu. Njiani alijibu kila alichoulizwa, hakuuliza kitu. Nyumbani alipewa maji akayapokea kwa mikono miwili, akakaa ncha ya kiti, akasema asante. Paskazia alimtazama akatamani mtoto avunje kitu, akatae chakula, amwage hata hayo maji. Adabu ile ilikuwa ya mtu aliyekwenda ugenini akafundwa kabla ya kuondoka.

"Mama," Debora alisema, "basi la Mpwapwa asubuhi linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kila siku?"

"Kila siku," Paskazia alijibu. "Chumba chako ni hicho."

Debora alibeba sanduku lake, akaingia. Alisimama kidogo akiushika mlango, akaupeleka mbele na nyuma, akaufunga. Paskazia akiwa kwenye kiti chake alisikia komeo likisukumwa, skrii, likagota mwisho.

Hakukusudia kuinuka. Lakini aliinuka, akasogea, akaweka kiganja juu ya mninga, akasukuma. Taratibu kwanza, kisha kwa uzito wake wote. Mlango haukutikisika.

"Nani?" sauti ya Debora iliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nyumba ilikuwa na watu wawili. Paskazia alisubiri mtoto alione hilo mwenyewe, na mtoto hakuliona, na kimya kikaendelea mpaka ikabidi ajibu. Ilimchoma mahali ambapo barua za wifi yake hazikuwahi kufika.

"Mama yako," alisema.

"Samahani mama," Debora alisema. "Kule tuko wengi."

"Najua. Nilikuwa nataka tu kujua kama komeo linashika."

"Linashika." Akasikika akilijaribu kwa kulitikisa. "Nani amekuwekea?"

"Nimeliweka mimi. Na mlango pia."

Paskazia hakuondoa kiganja mlangoni. Alisikia mfuniko wa sanduku la bati ukifunguliwa, nguo zikitolewa, kitu kikiwekwa juu ya kitanda.

"Mama."

"Abee."

"Sare za shule zinanunuliwa wapi hapa?"

"Sokoni Majengo," Paskazia alisema, na akaanza kumweleza njia, duka kwa duka, akizungumza na mlango uliofungwa.